Maisha ya Emmanueli Chitanda, Shabiki wa Nyota ya Ruvuma na Baba wa Kipa Wake

Baba yetu, marehemu Emmanueli Chitanda, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1945 katika kijiji cha Kitaya, kando ya mto Ruvuma, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Petro Chitanda na Bibi Helena Nantanga, wakulima wa mpunga na mihogo. Mwezi mmoja kabla ya kufariki alimwita binti yake wa kwanza, Raheli, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, akamwagiza: "Siku ya kunizika msome yote. Msinipambe." Tunatii.

Alianza shule Kitaya mwaka 1954, kisha akahamia Mtwara mjini kwa mjomba wake na kumaliza darasa la nane mwaka 1962. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, na ndio uliompatia kazi. Januari 1966 aliajiriwa bandarini kama karani wa ghala, akatumikia hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2000.

Wafanyakazi wenzake walipoanzisha klabu ya Nyota ya Ruvuma mwaka 1969, marehemu alikuwa mwanachama namba kumi na moja. Ndoa yake na mama yetu, Elizabeti Namkoveka, ilifungwa Jumamosi tarehe 11 Septemba 1971. Alikuwa amemwomba padri misa iwe asubuhi, kwa sababu Nyota ilikuwa inacheza saa kumi jioni. Bwana harusi alikwenda uwanjani na suti yake, bibi harusi na shela lake, na Nyota ikafungwa tatu bila. Mama husema siku ile ndipo alipojua kwamba ameolewa na timu nzima.

Mwaka 1986 alichaguliwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki la mtaa wetu wa Shangani. Enzi hizo Nyota ilikuwa daraja la kwanza, na siku ya mechi ngoma zilisikika hadi sokoni. Miaka ya tisini mambo yakaharibika. Wafadhili walijitoa, wachezaji wazuri wakaenda Dar es Salaam, na jukwaa likaanza kuwa na mapengo. Marehemu hakukosa mechi. Timu ikifungwa, watu walianza kutoka dakika ya sabini. Yeye alisimama getini na kuwasihi warudi, akiwaambia kuwa vijana bado wako uwanjani na wanawaona wakiondoka. Wengine walirudi kwa aibu. Wengi hawakurudi.

Mwaka 1997 mtoto wake wa mwisho, Dismas, alipewa nafasi ya kipa. Hatujapata kumwona baba akiwa na furaha kama siku ile.

Jumapili tarehe 17 Oktoba 1999 Nyota ilihitaji sare tu, nyumbani, ili isishuke daraja. Hadi dakika ya themanini na sita matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Ukapigwa mpira wa adhabu kutoka mbali, Dismas akajaribu kuudaka, ukampita katikati ya mikono, ukaingia. Kisha sauti zikaanza kusema kwamba ameuza mechi, kwa kuwa jana yake alionekana akizungumza na mtu mmoja wa timu ngeni.

Jioni ile tawi lilikutana. Watu kama arobaini walimgeukia mwenyekiti wao, kwa sababu aliyeshutumiwa alikuwa mwanawe. Dismas alikuwa amesimama mlangoni. Alisema yule mtu alisoma naye, na kwamba hakuchukua chochote kwa mtu yeyote. Baba hakumwuliza hata swali moja. Alisimama, akasema: "Aliyeiangusha Nyota si mtoto wangu tena." Watu wakapiga makofi. Asubuhi Dismas alichukua begi lake, akaenda Kitaya, akavuka mto kuingia Msumbiji.

Baba aliendelea kwenda uwanjani, sasa ikiwa ligi ya mkoa. Mashabiki waliobaki walikuwa wachache kiasi kwamba wachezaji waliwajua kwa majina. Nyumbani jina la Dismas halikutajwa. Mama aliendelea kumwekea sahani, na baba aliiona, akaendelea kula.

Mwezi Mei 2002 aliyekuwa kocha wa Nyota siku ya mechi ile, Twahiru Mkwinda, alifika nyumbani kuaga, maana alikuwa anahama. Alikataa kuketi. "Mzee, mwanao alidaka akiwa na kidole kilichovunjika," alisema. "Kipa wa akiba alikuwa ameshaihama timu. Mimi ndiye niliyemkataza asiseme." Mama anasema baba alibaki kitini hadi chakula cha mchana kikapoa.

Juma lililofuata alivuka Ruvuma kwa mtumbwi, akauliza njia kwa siku nane, akamkuta Dismas huko Palma akifanya kazi ya uashi. Dismas alimwamkia, akamtengea maji ya kuoga, akampikia samaki. Baba aliomba radhi. Dismas alijibu: "Nimekusamehe, baba. Lakini Mtwara sirudi." Kidole chake kilikuwa kimeunga vibaya.

Aliporudi, baba aliitisha mkutano wa tawi. Walihudhuria watu saba. Aliwaambia kwamba mwanawe hakuuza mechi, na kwamba aliyekosa ni yeye mwenyewe, baba. Akaacha uenyekiti siku hiyohiyo. Mechi hakuacha, ila hakukaa tena na wenzake; alikaa nyuma ya goli.

Marehemu alipatwa na kiharusi Juni 2007, kikamlemaza upande wa kulia. Januari mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa hospitali ya mkoa, na huko akafariki Jumatatu tarehe 3 Machi 2008, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama. Tunawashukuru wauguzi, majirani wa Shangani, na wanachama wa Nyota waliochimba kaburi hili tangu alfajiri.

Ameacha mjane, Elizabeti. Watoto watatu, Raheli, Helena na Dismas. Na wajukuu sita, wawili kati yao wakiwa Palma, ambao hakuwahi kuwaona. Dismas alipata habari juzi, akaondoka mara moja. Tangu jana mchana yuko ng'ambo, akitazamana na Kitaya. Mto umefurika na hakuna mtumbwi unaovuka. Tumemsubiri kadiri tulivyoweza.

Ee Mungu, mpokee Emmanueli, umpe pumziko lisilo na majuto.