Hodi Juu ya Uwanda Mtupu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na zaidi ya wote wewe Shangazi Sikio, tunayekuaga leo mbele ya mumeo na wajukuu zako: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano, na wanaonijua tayari wanacheka. Leo sitazivuka. Nilichonacho ni kifupi, na kinanichoma.

Wageni wetu huenda mnajiuliza, mtu anapimaje uzito wa mwezi asioukanyaga? Kwa kusikiliza. Chombo chetu huuzunguka mwezi huo wa mbali huku kikituma mlio wa redio. Kikipita penye ardhi nzito huvutwa, mwendo hubadilika, na mlio nao hubadilika kidogo sana. Kwa mabadiliko hayo tunachora ramani ya uzito. Shangazi alikuwa akiyanasa kwenye spika ya chumba namba nne kabla karatasi haijatoka kwenye printa, ndiyo maana tukambandika jina la Sikio.

Miaka kumi na miwili iliyopita, chombo cha kwanza kilianza kuvutwa juu ya uwanda mtupu. Picha hazikuonyesha mlima wala shimo. Kila kilipokaribia pale, Shangazi alisema kwa utani, "Hodi." Kikavutwa. Kwenye daftari la zamu akaandika neno moja: karibu. Tulicheka sana. Kisha tukaona kwamba kila mzunguko kinarudi kimeshuka, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama ni karibu ya kumpokea mgeni au karibu ya kusogea.

Alikuja ofisini kwangu kuomba chombo kipandishwe juu. Nikamwambia aache mambo ya mizimu, akakague kifaa chake. Siku ya tisa mlio ulikatika, palepale juu ya uwanda, na chombo kikapotea. Hatukuizima spika, tulikaa tukiisikiliza ikivuma hadi zamu ikaisha.

Nani angebeba lawama? Niliandika ripoti kwa mkono wangu huu: kosa la mpimaji. Nikalifuta kwenye ramani doa la uzito alilolipima juu ya uwanda ule. Shangazi akahamishiwa chumba cha kumbukumbu, na mumewe aliyekaa hapa anajua alirudi nyumbani akiwa katika hali gani.

Leo asubuhi chombo kipya kimepita juu ya uwanda ule kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyepiga hodi. Kimevutwa, na kipimo ni kilekile cha Shangazi, hadi tarakimu ya mwisho. Kuna nini pale? Sijui, na kusema kweli naogopa. Nimeamuru kipandishwe kabla sijaja hapa ukumbini.

Doa limerudi kwenye ramani, likiwa na jina la Shangazi. Ripoti yangu nimeifuta, na barua inayosema kosa lilikuwa la nani iko mkononi mwa Mheshimiwa.

Shangazi, nisamehe. Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza. Mimi yeye sikumsikiliza.