Baadaye na Orodha Isiyo na Mwisho

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, familia imemkabidhi mdogo wake, yaani mimi, kazi ya kuwasomea safari hii ya miaka sitini, na shemeji yake amemwonya asigeuze msiba kuwa jukwaa, naye ameahidi kujitahidi.

Marehemu, ambaye hata mama yetu alimwita Baadaye, alizaliwa tarehe 9 Mei 1963, katika chumba cha nyuma cha duka la nguo la baba yetu, akiwa amechelewa wiki mbili, na mkunga aliapa kwamba mtoto yule alikuwa tayari siku nyingi ila alikuwa akisubiri aitwe.

Alianza shule ya msingi Januari 1970, na alipokuwa darasa la nne mwalimu wa hesabu alichoshwa na kelele, akaamuru darasa zima liandike jedwali la saba mpaka atakaposema basi, wenzake wakaandika hadi vidole vikawaka moto, yeye akaandika kwamba ya kwanza ni saba na kila inayofuata ni iliyotangulia ukiongeza saba, akaweka kalamu chini, na alipofokewa kwa nini mstari mmoja tu, alijibu, "Zote zimo humo, mwalimu, sema unataka ya ngapi," mwalimu akataka ya arobaini, akapewa mia mbili na themanini papo hapo, akatafuta kiti akakaa.

Kati ya 1983 na 1986 alisoma hisabati na kompyuta chuoni, na huko akakutana na aina ya programu iliyofanana naye kama pacha, programu ambayo haikokotoi jambo lolote mpaka mtu atakapolihitaji, kwa hiyo inaweza kubeba orodha isiyo na mwisho bila kutoa jasho, maana unachoomba ndicho inachotengeneza, na vilivyobaki vinabaki kuwa ahadi tu.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa hospitalini kutengeneza ratiba ya zamu za wauguzi, akaandika ratiba ya milele, ukiuliza kesho unapata kesho, ukiuliza siku utakayostaafu unaipata pia, na mganga mkuu wa wakati ule alipoamuru ichapishwe yote aione, Baadaye akamweleza kwa heshima kwamba haina mwisho, akaambiwa, "Kila kitu kina mwisho, kijana, bonyeza," akabonyeza, karatasi zikatoka ofisini, zikashika korido, zikapita mlango wa maabara, na mama msafishaji alipochomoa waya wa printa, wauguzi walikuwa wameshapangiwa zamu hadi mwaka 2041.

Alifunga ndoa tarehe 15 Agosti 1992 na mtunza maktaba, ambaye ndiye aliyeposa, kwa maneno yake mwenyewe, "Nakuhitaji Jumamosi, saa nne," na tarehe 30 Juni 1994 wakajaliwa binti yao wa pekee.

Hapa, wapendwa, mdogo wake hataficha kitu, kwa sababu binti huyo alipotimiza miaka sita alinunuliwa baiskeli, akamwomba baba yake amfundishe kuiendesha, Baadaye akamuuliza kama anaihitaji leo, na mtoto kwa adabu zake akajibu, "Wakati wowote, baba," basi kwa mtu wa kazi yake jibu hilo lilimaanisha bado, akaitundika ukutani stoo, ikakaa miaka tisa na karatasi zake.

Tarehe 21 Septemba 2009 matroni aliomba jumla ya zamu za kila muuguzi, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza tangu Januari, na programu kwa miezi yote hiyo haikuwa imejumlisha hata moja, ilikuwa imerundika tu ahadi ya kuongeza moja juu ya ahadi ya kuongeza moja, maelfu kwa maelfu, ikajaribu kuzifungua zote kwa mpigo, ikakabwa ikazima, wodi ya watoto ikakaa saa nzima na muuguzi mmoja, na matroni alipouliza hesabu ziko wapi, Baadaye akajibu, "Zipo, matroni, ila bado hazijafanywa," mama yule akamtazama juu ya miwani akasema, "Basi hazipo."

Siku hiyohiyo alirekebisha programu, kila zamu ihesabiwe inapoisha, kisha akaenda nyumbani moja kwa moja, akashusha baiskeli, akamwita binti yake, ambaye magoti yake yalikuwa yamepita usukani, na binti akasema, "Nilikuwa nayo haja nikiwa na miaka sita," akarudi chumbani, na tangu jioni ile hakuna aliyemwomba baba yake kitu akaambiwa baadaye.

Februari 2023 aligundulika na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mwezi Julai, akiwa amebaki mifupa na utani, alimuuliza binti yake, ambaye sasa ni fundi umeme, kama ile ahadi ya baiskeli bado anaihitaji, binti akajibu, "Ndiyo, baba," "Lini?" "Sasa hivi," basi wakaazima baiskeli ya jirani seremala, Baadaye akishika tandiko, seremala akitangulia na kiti cha plastiki, kila hatua ishirini mgonjwa akikaa kuvuta pumzi na kumfokea mwanafunzi wa miaka ishirini na tisa atazame mbele, na siku ya nne akaachia tandiko bila kusema.

Alifariki tarehe 4 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, wodi namba mbili, mikononi mwa wauguzi aliowapangia zamu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi hao, wafanyakazi wenzake ambao ratiba yake bado wanaiuliza kesho kuna nani, majirani wote, na kwa namna ya pekee seremala na kiti chake, na kama kuna mwenye shaka na historia hii, binti yake amekuja hapa leo kwa baiskeli, peke yake, imeegemea ukuta wa nje.

Kaka, hakuna ulichobakiza, pumzika kwa amani, na hili usilicheleweshe.