Shibiri Mbili na Nusu

Mwanakhamis alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi ya wali, Khairat alipoingia mbio kutoka shule, kiatu kimoja mkononi, na habari yake: kesho kwenye tamasha la maigizo yeye ndiye binti sultani, na akifika bila gauni nafasi anapewa Narmin, mjukuu wa Jafferji, ambaye gauni lake limeshatundikwa dukani kwa babu yake. Mwanakhamis hakuwahi kushona kitu zaidi ya kifungo. Fundi Idarusi, mshonaji wa mtaa, alikuwa Tongoni harusini, na futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni mwake. Basi akaiacha nazi, akashusha pazia la pinki la sebuleni, akaazima cherehani kwa Kulsumbai wa nyumba ya pili, akakiweka barazani penye mwanga. Hapo ndipo alipokosea. Baraza hiyo ya Chumbageni ina benchi, na benchi lina wenyewe: Mzee Hakimu, baharia mstaafu asiyejua mahakama ilipo lakini huhukumu kila kitu, Soud Karafuu, Mpemba muuza viungo, na Injinia, fundi redio, ambaye Mungu alipenda awe mume wa Mwanakhamis. Birika la kahawa lilikuwa limejaa.

— Mtoto apimwe kwanza, akasema Mzee Hakimu. Njoo, mjukuu wangu.

Akamzungushia Khairat kifuani kiganja kile kilichovuta kamba za meli ujana wake wote.

— Shibiri mbili na nusu. Haya, mwanangu, kata.

— Kweli, mzee?

— Mie nimepima matanga ya meli, nishindwe na kifua cha mtoto?

Mwanakhamis akatandaza pazia sakafuni. Akalipima kwa kiganja chake, shibiri ya kwanza, ya pili, na nusu, akaongeza vidole viwili vya mshono kwa kuwa alishasikia mafundi hufanya hivyo, akakata. Akashona. Uzi ukakatika, akatunga. Ukakatika tena.

— Mama Khairat, wakanyaga sana, alisema mumewe bila kuweka chini kikombe.

— Baba Khairat, njoo ukanyage weye.

— Mie ni wa redio.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ukuta wa Kulsumbai gauni lilipoinuliwa. Lilikuwa gauni kabisa: mikono miwili, kiuno, na sketi iliyotuna kwa chandarua kilichokwisha muda wake. Mwanakhamis alilitazama akataka kucheka kwa furaha, akajizuia. Akamvisha mtoto kwa juu. Gauni likapita mikono, likapita kichwa mpaka puani, likagoma. Khairat akabaki amenyoosha mikono juu kama aliyekamatwa na polisi.

— Mama, sioni, ilisema sauti kutoka ndani ya pazia.

— Vuta pumzi ndani.

— Nimevuta. Bado sioni.

Benchi zima likasogea mbele.

— Hilo ni joto, alisema Injinia. Kitambaa kimekaa dirishani miaka, kimezoea upepo. Umekishika tu kwa mikono ya moto, kimejikunja.

— Mikono yangu ya moto kwa sababu ilikuwa inafanya kazi, Baba Khairat.

— Si kitambaa, alisema Mzee Hakimu. Ni mtoto. Mie nilimpima kabla hajala. Umempa nini mchana?

— Ugali na maharage.

— Basi! Maharage hayo! Mtoto amekua baina ya adhuhuri na alasiri, na weye wamlaumu mpimaji.

Soud Karafuu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayewahurumia wasiosoma.

— Yakhe, nyie watu wa bara mna tabu. Leo bamvua, maji makubwa. Kwetu Pemba nguo haikatwi siku ya bamvua. Maji yakijaa pwani, na mwili wa binadamu hujaa. Ngojeni maji yatoke, mtoto ataingia mwenyewe.

— Maji yatatoka saa ngapi, shemeji? Mwanakhamis aliuliza.

— Usiku mkubwa.

— Na kesho asubuhi, akiwa jukwaani?

— Yatakuwa yameanza kujaa tena.

— Kwa hiyo aigize upesi.

— Mama, nataka kujikuna pua, sauti ilisema.

Injinia sasa alikuwa amepamba moto. Alisema pazia lile lilitoka Mombasa, likapitia Horohoro, na huenda kitambaa kikivuka mpaka kinabadilika, kama redio zinavyopoteza stesheni. Mzee Hakimu akasema hapana, ni cherehani: kimewashonea wanawake wembamba wa kwa Kulsumbai tangu enzi ya mama mkwe wake, hakijui umbo jingine. Soud akauliza kama kuna mtu aliyepita akasema gauni zuri bila kusema mashallah. Wakaanza kukumbuka waliopita. Mwanakhamis alikuwa akimtoa mtoto polepole, mshono kwa mshono, asichane. Alipomtoa, aliona uso wa Khairat umelowa, na halikuwa jasho.

— Narmin atakuwa binti sultani, alisema mtoto. Mie nitakuwa mti.

Benchi zima likajimiminia kahawa.

Ndipo akaingia Benedikta, mpangaji mpya wa chumba cha uani, anatoka kazini na mfuko wa nyanya. Akasema shikamoo kwa Mzee Hakimu, akaulizwa maoni yake kuhusu bamvua, akaelezwa yote tangu mwanzo. Alisikiliza, akaangalia gauni, akaangalia mtoto.

— Samahani, alisema. Hizo shibiri mbili na nusu, za mkono wa nani?

Mzee Hakimu akatazama kiganja chake. Mwanakhamis akatazama chake. Injinia akainua birika, akalitikisa.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Mwanakhamis akachukua mkasi. Alifumua ubavu wa kulia, akafumua wa kushoto, kisha, pazia likiwa limekwisha, akanyoosha mkono mbele ya benchi kudai kitambaa. Mzee Hakimu alitazama kushoto na kulia, hakuona shahidi upande wake. Akavua begani kitambaa chake cheupe cha Ijumaa, akakitoa. Kikakatwa vipande viwili, kikaingia mbavuni, na safari hii kila kitu kilipimwa kwenye mtoto mwenyewe. Gauni likashuka mpaka miguuni.

— Ndivyo wanavyovaa mabinti sultani? Khairat aliuliza.

— Sijawahi kumwona hata mmoja. Limeingia. Lizunguke nilione.

Likazunguka.

Baada ya magharibi wali ulikuwa mkekani na bakuli la dagaa wa kukaanga kando. Gauni lilikuwa limetundikwa dirishani mahali pa pazia, na mpita njia yeyote aliweza kuona ndani wanakula nini. Mwanakhamis akahesabu vichwa. Baba Khairat yupo. Khairat yupo. Benedikta yupo, amekuja na kachumbari. Soud yupo, hajakaribishwa lakini yupo. Mzee Hakimu yupo, bega tupu.

— Mie sina njaa, mwanangu, alisema Mzee Hakimu. Dagaa viganja viwili tu vyanitosha.

— Khairat, alisema Mwanakhamis, nawa mikono. Mpimie babu viganja viwili.