Karata ya Mnara na Kioo cha Timazi

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi hiyo Timazi, mwashi, ndiye aliyekaa upande wa tofali, hatulii hata kidogo. Mfukoni ana karata ya taroti, ya kubashiria, aliyochomolewa na shemeji yake, mpiga ramli: mnara unapigwa radi, watu wawili wanaporomoka, kichwa chini miguu juu. Lakini kilichomnyima raha si radi. Ni ukuta aliousimamisha yeye mwenyewe mwaka jana, ukaota ufa. Siku kumi zilizopita alibandika kipande cha kioo juu ya ufa ule kwa saruji, kama afanyavyo kila mwashi mwenye akili zake: ukuta ukitembea, kioo hupasuka. Aliahidi kurudi baada ya siku tatu. Hajarudi.

— Isome hii, Nukuu, — alisema, akaitupa karata benchini.

Nukuu ni fundi viatu. Aliwahi kuokota kitabu kimoja kisicho na jalada, cha wale wanafalsafa wa kale waitwao Wastoa, akakisoma mpaka kurasa zikaanza kumkimbia.

— Rahisi. Dunia ina mafungu mawili: yaliyo mikononi mwako na yasiyo mikononi mwako. Radi si yako. Mnara si wako. Chako ni moyo wako tu. Tulia.

— Na hawa wanaoanguka? — akadakia Betri, fundi redio.

— Wanaanguka kwa utulivu.

— Midomo wazi hivyo?

— Wanapiga miayo! Mstoa hata akidondoka ghorofa ya saba, anapiga miayo.

— Acha uongo. Huo ni mnara wa simu, na hiyo radi ndiyo mtandao wenyewe. Timazi anaambiwa aache ujenzi, aje tuuze antena. Ingawa, sijui... usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo raha ya mwashi: ufa mmoja, ajira mbili!

Timazi akaruka kama aliyekalia msumari.

— Nani kakuambia habari za ufa?

— Methali hiyo, ndugu yangu. Mbona jasho?

— Nukuu, jambo ukilijua, halafu ukaogopa kwenda kulitazama, hilo ni fungu gani?

Nukuu akakuna ndevu. — Hilo... kama hujalitazama, halijatokea.

— Imeandikwa wapi?

— Ukurasa uliochanika.

Hapo akasimama mbele yao mama mmoja, chupa ya kahawa mkononi. Timazi alimtambua, akashusha kikombe chake cha kahawa: ndiye mwenye nyumba ya ukuta ule.

— Za asubuhi, fundi. Kile kioo ulichotubandikia ukutani kimepasuka. Tukibandue, au tukiache?

Betri akatazama kikombe chake. Nukuu akaifunika karata.

— Kimepasuka lini? — Timazi akauliza.

— Juzi. Nikasema fundi mwenyewe si atakuja?

— Watoto wako wapi?

— Mkubwa yuko shule. Mdogo kalala. Kitanda kiko hapohapo ukutani.

— Mama, nilikuwa naogopa kukitazama. Kosa langu. Twende tukamtoe mtoto!

Alichomoka kwa nguvu, kisigino kikasukuma tofali. Benchi likalala. Nukuu na Betri wakaporomoka pamoja, vikombe hewani, midomo wazi, na hakuna aliyepiga miayo. Timazi alikwishakata kona, anakimbia.