Gia za Kupandia Loma Blanca

Kijiwe kilikuwa benchi la zege mbele ya duka la mgao, na duka lenyewe halikuwa na kitu. Kahawa ilikuwepo, ile ya kuchanganywa na dengu zilizokaangwa. Evelio alikuwa ameegemeza rikimbili yake ukutani, baiskeli aliyoifunga injini ya pampu ya kupulizia mbu. Ilikuwa na gia moja tu, na gia hiyo haikuuweza mlima wa Loma Blanca ikibeba watu wawili. Ng'ambo ya mlima ndiko kwenye hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, na figo za mkewe, Nereida, zimekufa. Gari la wagonjwa lilikosa mafuta. Jana Evelio alimkalisha juu akasukuma njia nzima, wakafika mashine kapewa mwingine. Kesho wanatakiwa tena, na roho ilikuwa haimkai.

— Gia tatu, kaka, — alisema Nati, fundi wa mdomo kuliko mikono. — Cheni ya injini unaipitisha kwenye pedeli, ndiyo izungushe gia za nyuma. Mlima wenyewe utakuamkia!

— Pedeli si zitazunguka na injini? Zitanivunja miguu.

— Miguu unaitundika juu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Sasa aitundike au ainame? — alidakia Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki. — Halafu tatu ni uchoyo. Kule Camagüey jamaa kafunga saba. Kalipita lori la miwa mlimani, dereva akashuka akalia.

— Alilia nini?

— Wivu, bwana wee!

— Saba za watoto hizo, — alisema Nati, hataki kushindwa. — Funga ishirini na moja! Ukifika ya ishirini unazima injini, zinajivuta zenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Zijivute mlimani?

— Mlimani hasa. Kwenye tambarare zina kazi gani?

Evelio alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa gia alizozing'oa kwenye baiskeli ya marehemu shemeji yake.

— Mimi nataka tatu tu, zifanye kazi kesho. Nati, utanichomea leo au hunichomei?

— Umeme ukirudi, nachoma.

— Ukirudi, — alisema Redio. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

Mwanamke mmoja mgeni alikuwa amesimama kando akisubiri lifti, kikapu cha ndizi mkononi. Alikuwa amesikia yote.

— Samahanini, kaka zangu. Huyo mgonjwa akikaa nyuma, anashika mwenyewe?

Nati alimtazama Redio. Redio akatazama kikombe chake.

Jana Evelio alimfunga Nereida kwenye tandiko kwa shuka, na bado aliteleza mara mbili, nao wakienda mwendo wa miguu tu. Vidole vyake havikukunjika. Evelio alilijua hilo, na tangu asubuhi alikuwa akiongea gia ili asilifikirie.

— Mwaka jana alikuwa anashika, dada, — alisema. — Alikuwa ananibana kiuno mpaka namgombeza.