Gari la Bombay na Jina la Fundi Bwanausi

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Rehani, kaa upande huu wa sikio zima, na uache kunipepea, mimi si jiko la mkaa. Mina, kitoe nje hicho chetezo, chumba kimejaa ubani kana kwamba mmekwisha kunikafini. Na wewe Tatu, mke wa marehemu mwanangu, liweke chini hilo bakuli la uji, leo sitakunywa. Usiondoke. Haya nitakayoyasema ni yako zaidi kuliko ya hawa niliowazaa, nami nimeyakalia miaka saba, na sasa naona nikiyakalia zaidi nitazikwa nayo.

Bismillahi. Mimi Msabaha bin Dadi nasema nikiwa na akili zangu, ingawa miguu imekwisha kufa. Nyumba hii ya mawe, shamba la minazi na vyombo vya ndani vigawanywe kama sheria ilivyopanga, kadhi yupo, msigombane, maana nawajua ninyi wawili, mlikuwa mkigombea hata ukoko wa wali. Lakini thuluthi yangu, niliyopewa ruhusa ya kuusia, nampa Ashatu, binti wa Seleman, kwa kuwa babake alinitangulia na sheria haimpi mjukuu fungu penye ami yake. Rehani, usikunje uso. Mtoto yule ni yatima, na mwenye kumfanya yatima mtamjua sasa hivi.

Mnalikumbuka gari. Nani Bagamoyo asiyelikumbuka? Lilianza kwa husuda, nasema wazi, sina wa kumwonea haya tena. Jirani yangu Sadallah alikuwa na punda mweupe wa Maskati, mguu umepakwa hina, shingo imevishwa vitambaa, na kila Mfunguo Mosi, siku ya Idi, maji yakitoka alikuwa akishindana na waungwana wenzake pwani, kutoka hapa hadi kuikaribia Kaole, na kila mwaka akitushinda. Mwaka mmoja akapita mbele ya baraza yangu akaniuliza, mbele ya wageni, kama yule wangu ni punda au ni mbuzi aliyenenepa. Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nilipokwenda Unguja na mzigo wa sandarusi nilikuwa natafuta cha kumzima Sadallah, wala sikuwa natafuta kingine.

Dalali mmoja wa mtaa wa Malindi, kule kule Unguja, ndiye aliyenitafuta, na hapo ningalipaswa kujua, kwani kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanionyesha gari la magurudumu mawili, jembamba, la watu wawili tu, jekundu, lenye kamani za chuma zinazonesa chini ya kiti hata ukikaa wasikia kama umekaa juu ya mto. Lilitoka Bombay. Akaniambia liliundwa kwa ajili ya mashindano ya mbio, si kwa kubebea mizigo, na mwenyewe wa kwanza, bwana mmoja wa jeshi, alikuwa akilipanda siku moja tu kwa juma na siku nyingine likilala kivulini limefunikwa shuka. Nilimwamini. Mimi niliyekuwa nikijua kupima sandarusi kwa kuinusa tu, niliona rangi ile nyekundu nikawa mtoto mdogo. Sikuigusa rangi kwa ukucha. Ningaliigusa, ningaliona chini yake mbao zilizojazwa nta na unga wa msumeno.

Tulilivua magurudumu tukalipakia mashuani, na siku liliposhuka hapa wapagazi wanne walilibeba kichwani maji yakiwa kifuani, na mji mzima ukatoka. Wanawake walipiga vigelegele kama kwamba nimeleta bi harusi. Nilimfunga punda wangu, nikapanda, na katika vichochoro vyetu vya mchanga likazama hata nusu ya gurudumu. Sadallah alikuwa barazani kwake. Akaagiza kahawa nyingine.

Lakini pwani, mchanga ukiwa mbichi na mgumu, lo! Wanangu, nisiwadanganye, lilikuwa linaruka. Nilikuwa nimezeeka tayari, na bado nilikuwa nikitoka alfajiri kulikimbiza, upepo unaniingia kanzuni, najiona kijana. Basi nikawa mtumwa wake. Mhimili wa magurudumu nilikuwa naupaka sifa kwa mkono wangu, mafuta yale yale ya papa tunayopaka vyombo, nyumba ikinuka hata mama yenu, Mungu amrehemu, akahamishia mkeka wake chumba kingine. Chumvi ikala chuma, mchwa wakaonja miti, na kila nikiziba hapa linafumuka pale. Gari kuukuu halimalizi haja zake.

Ilipobaki siku nne kufika sikukuu, magurudumu yakaanza kulia. Mbao zilikuwa zimekauka na jua la kiangazi, zikasinyaa, na ile pete ya chuma inayozunguka gurudumu ikawa inacheza, unaweza kupenyeza kidole. Nikamwita Fundi Bwanausi, baba yako, Tatu. Wakati ule hakuna chombo kilichoshushwa maji Bagamoyo bila mkono wake kupita. Akachutama, akagonga gurudumu kwa kisigino cha shoka, akasikiliza. Akaniambia kazi hii si yake, ni ya mhunzi anayejua kuikata pete, kuitia moto na kuivisha ingali nyekundu, na mhunzi huyo yuko Unguja, nilipeleke. Mimi nikamjibu kwamba sikukuu haimngoji mhunzi. Nikamwambia, wewe ni mtu wa vyombo, na chombo kilichokaa juani kikatoa nyufa hukizamisha kwenye maji ya kina kifupi siku mbili tatu, mbao zikavimba, zikashikana. Basi lizamishe gurudumu.

Tulikuwa wawili tu, pale pwani anapoundia vyombo. Kisha akasema, na maneno yake nimeyahifadhi kuliko sura nyingi za msahafu, Mungu anisamehe:

"Mwinyi, chombo kinaishi majini, hili linaishi juani. Nitalivimbisha, litashika, na siku utakayolitoa kwenye mchanga mbichi likapata ardhi kavu, jua litachukua maji yake na chuma kitavuka, kichomoke gurudumuni. Usilipandishe bara hata hatua moja."

Nikamwambia nimesikia. Akayazamisha, yakavimba, yakashika. Siku ya sikukuu nilimpita Sadallah kabla hatujafika nusu ya njia, nikafika Kaole naye hata vumbi lake silioni. Ushindi wenyewe ulikuwa mtamu siku tatu.

Siku ya nne ikaja habari kwamba msafara wetu wa sandarusi umefika kivuko cha Ruvu na wapagazi wamegoma. Ikawa Seleman ndiye wa kwenda. Alitaka kwenda juu ya punda, kama watu wote. Mimi ndiye niliyemwambia aende na gari. Mimi. Nilitaka watu wa njia ya misafara walione, nilitaka habari zifike Vigwaza na Ubena kwamba Mwinyi Msabaha ana kitu ambacho hata Waarabu wa Bagamoyo hawana. Seleman alikuwa mtu wa kufikiri, hakufanana nami. Akazunguka gari, akainama, akaniuliza, "Baba, fundi amesema nini juu ya magurudumu haya?"

Nikamwambia, "Fundi amesema yako tayari."

Hilo ndilo neno, wanangu. Acheni niseme tena, maana naona mmeinamisha vichwa kana kwamba hamkusikia. Mwanangu aliniuliza, nami nikamwambia fundi amesema yako tayari.

Alifika mbali kidogo tu, pale njia inapoteremka na ardhi ni nyekundu na ngumu kama kigae. Pete ilivuka, vijiti vya gurudumu vikakatika vyote kwa pamoja, gari likabinuka, na mti mmoja wa kumfungia punda ukamwingia ubavuni. Walimleta juu ya kitanda kabla ya alasiri. Wewe Tatu ulimwosha vumbi usoni, ukiwa na Ashatu mgongoni. Nakumbuka uliniangalia, ukingoja nikwambie imekuwaje.

Matangani baba yako akaja. Alikuja kumlilia mkwewe, kijana aliyemfundisha kuogelea, aliyempenda. Na watu walikuwa wamekwisha kuulizana ni nani aliyeyatengeneza magurudumu. Walinitazama mimi. Kulikuwa na nafasi ya kusema, ndefu ya kutosha mtu kunywa maji. Nikamnyooshea kidole nikasema, "Huyu hapa." Akasema, "Mwinyi, mimi nilikwambia." Nikamwita mwongo, nikamfukuza matangani mbele ya mji mzima, nikamwambia asikanyage kizingiti changu. Mimi mwinyi, yeye fundi. Mlitaka waamini nani? Alitoka na viatu mkononi, hakuvivaa.

Na siku ya arubaini, Tatu, ulinijia ukaniuliza kwa adabu kama ni kweli baba yako hakunionya. Nikakuapia. Nikalitaja jina la Mungu nikakuapia. Nawe ukaamini, ukamkata baba yako aliyekuzaa, ukabaki nyumbani kwangu, ukanipikia, ukaniogesha nilipopooza, ukafuata maiti ya mama mkwe wako na ya mama yako mzazi hukuifuata, kwa sababu alifia nyumbani kwa muuaji. Husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka saba, na kila mahali imepita juu yako.

Hakuna aliyempa chombo tena. Nani apande jahazi la fundi ambaye gurudumu lake liliua? Alihamia Kaole, na mikono ile iliyokuwa ikiunda majahazi sasa inachonga miiko na mbuzi za kukunia nazi. Kila Ramadhani aliniletea mwiko mmoja mlangoni, mdogo, wa mtoto, umechorwa maua mpinini, akisema ni wa Ashatu. Kila mwaka niliuchukua na kuutia motoni kabla hujauona. Ramadhani hii niliyoimaliza kitandani alikuja tena, nami nikausikia mlango, nikamsikia Rehani akimwambia aende zake kama nilivyomfundisha. Si kosa lako, Rehani. Ulirithi mapema.

Mlidhani lile gari lililovunjika nalitunza bandani kwa uchungu wa mtoto, kila Ijumaa, kabla sijapooza, nalipaka sifa, napangusa chuma. Hapana. Nilikuwa nalichunguza. Nilikuwa natafuta kosa la Bwanausi, msumari uliopinda, shimo lililozidi, chochote kile, nipate kulala. Sikupata. Kazi yake ilikuwa safi, ilifanya alivyosema itafanya.

Sasa shikeni maagizo, pumzi inapungua. Yule Mgoa aliyekuja na Mdachi wake wakataka kulinunua, msiwauzie, hata wakipandisha vipi. Watalipaka rangi mpya. Livunjeni. Chuma mpeleke kwa mhunzi afue majembe, mbao zitieni moto uani, ila msipikie chakula cha mazishi. Maskini kumi walishwe kwa kiapo changu cha uongo, na hata hivyo sijui kama kitafutika. Kwa Sadallah, mwambieni... mwambieni alikuwa na punda mzuri. Inatosha.

Na hili ndilo kubwa. Rehani, nisikilize. Mkinitia kwenye jeneza, mkiniweka mbele ya watu, atauliza shehe, mnamshuhudiaje maiti huyu? Na watu wetu kwa adabu zao hawangoji, husema ni mtu wa kheri, wakaondoka. Usiwaache wajibu. Kabla hawajajibu, simama wewe, sauti yako ifike mpaka safu ya nyuma, useme: Fundi Bwanausi alimwonya baba yangu, na baba yangu akamdanganya Seleman, kisha akamsingizia fundi. Useme hivyo hivyo, usipake sukari. Ndipo uwaulize. Watakaonyamaza, waache wanyamaze.

Tatu... mwanangu. Siwezi kukuomba radhi, nani aombe kwa mdomo huu? Nakupa jina la baba yako tu, nililolichukua. Lichukue, ni...

Nani huyo anayeinuka? Mina, macho yangu hayaoni vizuri. Ni yeye? Msimzuie. Rehani, kaa chini nimesema. Ametwaa leso yake? Na mtoto, amemchukua? Vizuri. Kaole si mbali... kwa miguu, na mtoto, atafika jua lingali juu. Mzee yule atakuwa kibarazani, anachonga. Atawaona wakija.

Nipe maji. Kidogo. Hapana, basi.

Mina, Rehani, radhi yangu mnayo, nyote wawili, mbele na nyuma. Mungu awape watoto watakaowauliza, na awape... awape ulimi wa kuwajibu. Pendaneni. Mtoto wa Seleman asilale njaa katika mji huu. Nigeuzeni, nielekezeni kibla, ubavu huu... polepole.

Rehani. Njoo sikioni. Kesho watakuuliza kama Tatu amenisamehe. Watu hupenda kusikia hivyo, nawe utataka kunisitiri, wewe ni mwanangu. Kama hakurudi... kama hakurudi akasema kwa kinywa chake... usimsemee. Umesikia? Nizikeni hivyo hivyo. Usimsemee.