Saa ya Namba ya Fundi Bartolomeo Nkuba

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa na Seni, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia, naye pia yumo ndani yake, tena si mahali pazuri.

Marehemu Bartolomeo Nkuba alizaliwa tarehe 4 Machi 1922 huko Maswa, akasoma hadi darasa la nne, mwaka 1942 akaingia jeshini, ambako alijifunza ufundi wa redio, na mwaka 1955 akahamia Usangu pamoja na ng'ombe wa baba, lakini wenzake walipochunga yeye alikuwa akifungua redio za watu, hadi mwaka 1961 akaanzisha karakana yake Uyole. Alimwoa Roza mwaka 1957, wakajaliwa binti, Helena, naye Roza akatangulia mbele ya haki mwaka 1968.

Mwaka 1973 alipata, kutoka kwenye mashine mbovu ya kupimia umeme, taa mbili ndogo za kioo ambazo ndani yake namba huwaka kama kaa la moto, akaazimia kuzivaa mkononi. Taa hizo hutaka umeme mkali na betri ya mkononi ni ndogo, hivyo alisuka koili nyembamba ya kuukuza umeme, akaweka kitufe ili namba ziwake pale tu anapobonyeza, kwanza saa, kisha dakika, akavifunga vyote ndani ya kikopo cha shaba kisichozidi kiberiti, na baada ya kupigwa shoti mara nyingi akashona mkanda mnene wa ngozi ya ng'ombe.

Juni 1974 alimtuma Seni Iringa kupeleka posa kwa Mwalimu Severina, mwanamke ambaye marehemu alimpenda waziwazi bila kuonea haya mvi zake mwenyewe, na ili mshenga aonekane mtu wa maana akamvika saa hiyo. Miadi ilikuwa saa saba mchana. Seni aliamka, ukungu umefunika mji, akabonyeza, akaona 7, akadhani amelala hadi saa saba mchana, akapanda kilima mbio, kumbe ilikuwa saa moja asubuhi. Saa ya mishale kila mtu wa kwetu anajua kuisoma upande wa pili, lakini namba haina upande wa pili. Alimkuta Mzee Joachim, kaka wa Severina, mswaki mdomoni na shuka kiunoni, naye akasema posa inayomkuta mtu hajanawa uso ni dharau, akaikataa.

Bartolomeo hakumgombeza mdogo wake, alisema kosa ni la saa, imefundishwa Kizungu, akaisuka upya kwa miezi mitatu ili saa moja ya asubuhi iwake 1, kisha akaenda mwenyewe Iringa, akamvika Mzee Joachim, akamwomba abonyeze. Iliwaka 4, na ilikuwa saa nne kweli, mzee akacheka mpaka akakaa chini. Ndoa ilifungwa tarehe 12 Oktoba 1974, mtoto wao Philbert akazaliwa tarehe 20 Mei 1976, na kila aliyewatembelea alikuta nyumba yenye raha.

Figo zilianza kumsumbua Januari 1979, akafariki tarehe 9 Agosti, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Severina. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Uyole, mafundi wenzake, na Mzee Joachim aliyetupa dada yake.

Kwa miaka mitano Seni alitaka kumwomba radhi kaka yake, ila kila alipofungua mdomo kaka alicheka akabadili mazungumzo. Leo anaomba mbele yenu, na hakuna wa kumkatiza. Kaka, pumzika kwa amani.